Nilikula hela ya nyumba ya dada yangu. Nisubiri nilipe yote ndipo nimwendee?

"Mimi ni mwanamume wa miaka 36, dereva wa bajaji hapa Temeke, nina mke na mtoto mmoja. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani mwaka 2018. Kwa miaka mitatu alinitumia jumla ya shilingi milioni 14 nimjengee nyumba kwenye kiwanja chake Tanga. Milioni 5 zilifanya kazi: msingi, na kuta hadi kwenye lenta. Milioni 9 nilizimaliza kwenye mikeka ya kubeti. Alipokuwa akiuliza ujenzi umefika wapi, nilimtumia picha za nyumba ya jirani iliyokuwa imeshapauliwa. Aliporudi mwaka 2021 alishukia kiwanjani moja kwa moja na mabegi yake. Tangu siku hiyo hatujasemeshana. Amepanga chumba karibu na kwa mama. Mimi nimeacha kubeti mwaka mmoja na nusu sasa, ingawa nimeteleza mara mbili. Nimeomba toba. Nimeweka akiba milioni 1 na laki 1. Nia yangu ni nikusanye milioni 9 zote, nichukue wazee wawili tuende nikamwombe msamaha, maana dawa ya deni ni kulipa. Mke wangu anasema muda utaponya, damu ni nzito kuliko maji. Rafiki yangu anasema mcheza kamari habadiliki. Mama amezeeka, namhofia. Usiku mwingine naona bora nisingekuwepo. Je, mtu kama mimi hubadilika kweli? Na nisubiri, au niende sasa?"

Ndugu yangu, naanza na sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho, kwamba usiku mwingine unaona bora usingekuwepo. Sitaichukulia kama maneno ya uchovu. Ikiwa wazo hilo linakujia mara kwa mara, au limeanza kuwa na mpango ndani yake, kwamba unajua ungefanya nini na wapi, basi habari ya dada isubiri. Mwambie mkeo leo, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, kisha mwende pamoja hospitali. Uko Temeke, hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo hapo, na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Huko hawapokelewi waliorukwa na akili peke yao. Wanafika watu waliolemewa na madeni, na fedheha, na kukosa usingizi, na wanahudumiwa. Mkeo naye asiogope kukuuliza waziwazi kama unawaza kujiua, kwa sababu kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo; mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Na hakuna deni lako hata moja ambalo kifo chako kingelilipa. Kingemwongezea dada yako jingine.

Kama wazo hilo ni la kupita na halina mpango, bado mwambie mkeo. Halafu turudi kwenye ulichouliza.

Ninavyokuelewa, umeuliza maswali mawili ambayo mzizi wake ni mmoja. Unataka kujua kama una haki ya kuonekana mbele ya dada yako kabla hujawa mtu safi. Umejiwekea sharti kwamba kwanza uwe umelipa, umeacha kabisa, una kitu mkononi na wazee pembeni, ndipo ufungue mdomo. Nia ni njema, na naiheshimu. Lakini naamini sharti hilo ndilo linaloendelea kumuumiza dada yako, na linakuumiza wewe pia.

Dawa ya deni ni kulipa, kweli. Sasa hebu tazama una madeni mangapi. La kwanza ni milioni 9. La pili ni zile picha. Dada yako alikuwa nchi ya watu, kwa mkataba, chini ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini kukaa nchini, analala wanapolala wenye nyumba na kuamka kabla yao. Hakuweza kupanda basi Jumamosi akaangalie kiwanja chake. Alichokuwa nacho ni simu, na kwenye simu hiyo alikuwa na picha ulizomtumia. Inawezekana aliwaonyesha wenzake. Inawezekana alichagua rangi ya ukuta. Siku anashuka na mabegi akakuta kuta zimeishia kwenye lenta na majani yameota ndani, hela ilikuwa sehemu tu ya kilichopotea. Alipoteza miaka mitatu ya kuamini kitu ambacho hakikuwepo, na aliyemfanya aamini ni mdogo wake.

Deni la hela unaliweza kidogo kidogo. Hili la pili halina bei, na kwa sababu hiyo hiyo halihitaji akiba. Linahitaji ukweli, na ukweli unao tangu leo. Ukienda na milioni 9 bila kuutamka ule uongo kwa jina lake, utakuwa umelipa deni moja na kuliacha lile lililo kubwa zaidi.

Halafu kuna hesabu, na nakuomba uifanye pamoja nami taratibu. Kwa mwaka mmoja na nusu umeweka milioni 1 na laki 1. Hiyo ni kama shilingi elfu 61 kwa mwezi, na kwa dereva anayepeleka hesabu ya bosi kila jioni, mwenye kodi na mtoto, hicho si kiasi cha kudharau. Zimebaki milioni 7 na laki 9. Kwa mwendo huo zitakuchukua karibu miaka 11. Utakuwa na miaka 47. Mama yako atakuwa na umri gani? Mpango wako, ukiuondolea maneno mazuri, ni mpango wa kumpa dada yako miaka mingine 11 ya kimya. Malipo yatachukua muda huo huo ukianza leo au usipoanza. Unachoweza kuchagua ni kama muda huo utapita yeye akijua au asipojua.

Kwa nini basi imekuwa vigumu hivi? Si kwamba huna utu. Nieleze jinsi woga wa namna hii unavyofanya kazi, kwa sababu ukiuelewa utaacha kuuita hekima.

Kila unapochukua simu kutaka kumpigia, moyo unaenda mbio na mikono inatoka jasho. Unairudisha mfukoni, unajiambia "nikipata hela kwanza", na papo hapo mwili unatulia. Ule utulivu ni malipo. Mwili umejifunza kwamba kukwepa kunaleta nafuu, kwa hiyo mara nyingine unakwepa mapema zaidi. Unaacha kwenda Tanga sikukuu. Unampigia mama saa unazojua dada hayupo. Mwaka wa kwanza lilikuwa jambo moja tu la kuogopa, sasa ni jambo lile na miaka ya ukimya juu yake. Ndiyo maana nampinga mkeo kwa heshima zote: muda hauponyi kitu ambacho watu wawili wanakikwepa. Muda unaponya pale ambapo ndani yake kuna kinachofanyika. Na damu ni nzito kuliko maji, sawa, lakini ndiyo maana umeumiza hivi. Fundi wa mtaani angekula hela ile, dada yako angelia wiki moja na kumshtaki.

Upande wa pili wa ukimya wako hujauona. Wewe ukikaa kimya unasikia ndani yako "naona aibu". Yeye ukimya huo anausoma: "hajali". Hana njia ya kuona aibu yako. Aibu iliyofichwa na dharau, kwa anayeangalia kutoka nje, zina sura moja.

Wanasaikolojia wametofautisha kwa muda mrefu hali mbili ambazo mtu aliyekosa huzipitia, na June Tangney wa Marekani ni mmoja wa walioichunguza sana tofauti hiyo. Ya kwanza ni kulielekeza jicho kwenye tendo: nilifanya jambo baya, limemuumiza fulani, nifanye nini. Ya pili ni kulielekeza jicho kwenye nafsi nzima: mimi ni mbaya. Unaweza kudhani ya pili ndiyo toba ya kweli kwa sababu inauma zaidi. Tafiti zao zimeonyesha kinyume. Anayeangalia tendo husogea kulirekebisha. Anayejiona mbaya mzima hutaka kujificha, au hupandwa na hasira na kutafuta wa kumlaumu. Wewe umeniandikia "mtu kama mimi". Jaribu kuandika upya ukisema "jambo nililolifanya", uone kama hatua inayofuata haionekani wazi zaidi.

Sasa rafiki yako na kauli yake kwamba mcheza kamari habadiliki. Amekosea, ila kuna sababu inayomfanya aamini hivyo, na unapaswa kuijua. Mkeka una mechi 12, zimetiki 11, moja dakika ya 90 inauchana. Kwa hesabu umepoteza, sawa na aliyekosa zote 12. Kwa ubongo haiko hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapima watu ubongo wakiwa wanacheza mchezo unaofanana na mashine ya kamari, wakaona kwamba kukosa kwa kidogo kunaamsha sehemu zile zile zinazoamka mtu anaposhinda, na kunaongeza hamu ya kuendelea hata kama mchezaji mwenyewe anasema hakufurahia. Mkeka mrefu ni kiwanda cha kukosa kwa kidogo. Juu yake weka ile tabia ya kufukuzia hela iliyopotea, na simu ambayo hela ya dada na hela ya kubeti zinakaa kwenye laini moja, usiku, hakuna anayekuona. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa uchunguzi, kiliuhamisha ucheza kamari uliopitiliza na kuuweka kundi moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walifuata ushahidi wa jinsi unavyoushika ubongo.

Kwa hiyo ulishikwa na kitu chenye nguvu. Hilo ni kweli na linakueleza. Halikufutii. Picha za nyumba ya jirani hazikupigwa na ugonjwa, ulizipiga wewe, ukachagua pembe nzuri, ukabonyeza kutuma. Beba yote mawili kwa pamoja, bila kutumia moja kulifunika jingine.

Na watu wanabadilika, ndugu yangu. Nawaona. Ila hawabadiliki kwa siku moja ya kiapo. James Prochaska na Carlo DiClemente, waliokuwa wakichunguza wavutaji sigara waliotaka kuacha, walieleza mwaka 1983 kwamba mabadiliko hupita hatua kadhaa na kwamba wengi hurudi nyuma na kuanza tena kabla hawajatulia. Ulipoteleza mara mbili hukufuta mwaka mmoja na nusu. Hatari ya kuteleza iko kwenye saa chache zinazofuata, mtu anapojiambia "nimeshaharibu, acha nimalizie". Ningependa kujua mara zile mbili ilikuwa siku gani, ulikuwa na kiasi gani kwenye simu, na ulikuwa umekaa na nani. Nadhani ukijiuliza hayo utakuta kijiwe kile kile, jioni ya wikiendi, na hesabu ya siku ikiwa bado hujaipeleka. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Funga akaunti zako za kubeti kabisa. Kampuni nyingi zina utaratibu wa mteja kujifungia, na kuifuta programu kwenye simu peke yake hakutoshi. Hela ya siku ikifika isilale kwenye laini unayobetia. Iende kwa mkeo jioni hiyo hiyo, au kwenye kikoba chake. Kama kijiwe chako ni cha mikeka, tafuta kingine hata kama abiria ni wachache. Najua hilo ni gumu, kwa sababu kijiwe ni wenzako na si sehemu ya kupaki tu. Bado ningekushauri uhame.

Umesema umeomba toba. Mimi si sheikh na sitaingia kazi isiyo yangu. Imamu wa msikiti wako atakufafanulia zaidi. Lakini unayajua masharti yake kama tulivyofundishwa sote madrasa: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na pale haki ya mtu inapokuwa ndani yake, kumrudishia mwenyewe au kumtaka akuhalalishie. Hilo la nne haliwezi kufanyika bila kumwendea mwenye haki. Hela ile ilikuwa amana.

Tuzipime njia zilizopo, kwa sababu kila moja ina lake.

Ya kusubiri nimeshaisema. Kuna ndugu yake mbaya zaidi, kukopa ili ulipe zote kwa mkupuo. Tafadhali usiguse. Mikopo ya kausha damu itakurudisha mahali ulipotoka: deni linalowaka, usiku bila usingizi, na sauti inayokuambia mkeka mmoja ungemaliza kila kitu. Dada yako hahitaji ndugu anayemlipa kwa riba ya watu wengine.

Wazee wana heshima yao, na siku moja watahitajika. Ila wakitangulia wao, mara nyingi kinachotokea ni hiki: wanaketi sebuleni, wanasema maneno mazuri kuhusu udugu, mama analia, mtu mmoja anasema "basi yaishe", na macho yote yanamgeukia dada. Atasema amesamehe. Angesema nini kingine, mbele ya mama na wazee? Mtashikana mikono, mtakula pilau, na wiki ijayo simu yako hatapokea. Umeomba msamaha kwa namna ambayo hakuwa na nafasi ya kukataa. Wazee waje baadaye, na dada awe amekubali waje, kwa kazi maalumu ya kushuhudia makubaliano ya malipo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye anaweza kuyaandika na kuyagonga muhuri.

Kumtuma mama sikushauri hata kidogo. Amezeeka, anawapenda wote wawili, na kila atakachosema kitaonekana ameegemea upande. Mwache awe mama.

Kufika mlangoni kwake bila taarifa kuna ushujaa ndani yake, lakini kunamvamia. Yeye ndiye aliyewahi kushtukizwa, pale kiwanjani. Asishtukizwe tena.

Kupiga simu au kutuma sauti kuna faida ya kusikika, na hasara kwamba ukianza kulia utageuka wewe wa kubembelezwa. Nimebaki na maandishi. Ujumbe mfupi, anaoweza kuusoma peke yake, akauacha, akaurudia akiwa tayari. Na uende na hela ya kwanza, isiyo na masharti.

Kuhusu cha kuandika, kuna utafiti unaofaa kuujua. Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na wenzake wawili walichapisha kazi iliyowahusisha watu 755. Waliyagawa maombi ya radhi katika vipande sita: kuonyesha majuto, kueleza ilikuwaje, kukiri kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Kilichoonekana kuwa na uzito kuliko vyote ni kukiri kosa. Kilichofuata ni kujitolea kurekebisha. Kilichokuwa cha mwisho, ambacho kingeweza hata kuachwa, ni kule kuomba usamehewe. Watu wale walikuwa wakipima maneno yaliyoandikwa kuhusu kosa la kazini, hawakuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Lakini unakubaliana na ninayoyaona kwenye familia. Aliyeumizwa anataka kwanza kusikia kwamba unajua ulichofanya.

Ningeandika hivi, nawe ubadilishe yawe maneno yako:

"Dada, shikamoo. Milioni 9 katika hela ulizonitumia sikuzijengea. Nilizicheza kamari. Ulipouliza nilikutumia picha za nyumba ya mtu mwingine, nikijua ni uongo. Hakuna aliyenishawishi. Nimekaa kimya miaka yote hii kwa woga, na kimya hicho nacho ni kosa langu. Nina milioni 1 na laki 1, ni zako. Kuanzia mwezi ujao nitatuma elfu 60 kila tarehe 5 mpaka ziishe. Niambie nitume kwa njia gani. Huna haja ya kunijibu kitu kingine chochote."

Tazama ambacho hakimo. Hakuna "lakini". Hakuna mama, hakuna Mungu, hakuna ugonjwa, hakuna "nilikuwa na shida". Hakuna "nisamehe". Yote hayo yanaweza kuja siku akiyauliza. Na kiasi ni elfu 60 kwa sababu umeshathibitisha kwamba unakiweza. Mtu mwenye majuto hutamani kuahidi laki 2. Mwezi wa tatu bajaji inaharibika, ahadi inavunjika, na dada anaona yule yule wa zamani. Kiasi kidogo kisichokosa kina thamani kuliko kikubwa kinachorukaruka, kwa sababu anachokipokea kila tarehe 5 ni ushahidi. Kabla ya kutuma ujumbe, mkeo akubaliane na kiasi hicho. Ni hela ya nyumba yenu pia, na amekuwa akibeba matokeo ya mikeka yako bila kuulizwa.

Utashawishika kumwambia, "Acha nikamalizie ujenzi mwenyewe." Usipendekeze. Hela ya ujenzi isipite tena mikononi mwako. Kama siku moja atasema anapendelea bati au mbao badala ya fedha, fundi amchague yeye, nawe ulipe dukani moja kwa moja na umpe risiti.

Atajibu nini, sijui, na naomba usiingie kwenye jambo hili ukiwa umejiandalia jibu. Everett Worthington, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika na msamaha kwa miaka mingi, na ambaye mama yake mwenyewe aliuawa na mtu aliyevunja nyumba, hutenganisha mambo mawili: mtu kuamua kutolipiza, na moyo wake kulainika. La kwanza linaweza kutokea kwa siku moja. La pili linafuata kwa mwendo wake, na pengine halifiki. Kuna na la tatu, kurudiana kuwa ndugu wa kutembeleana, ambalo linahitaji watu wawili na uaminifu ulioonekana kwa muda. Dada yako anaweza kukupa la kwanza akakunyima la tatu, na atakuwa hajakukosea. Malipo yako yasiwe nauli ya kununulia udugu. Ni yake tu.

Huenda akatukana. Msome, usijitetee, jibu kwa sentensi moja kwamba umesikia, na tarehe 5 tuma. Huenda akaanika ujumbe wako kwenye grupu la ukoo. Itauma sana. Hilo nalo ni tokeo la ulichofanya, na utalivuka vizuri zaidi kama mkeo na mtu mmoja unayemheshimu, mjomba kwa mfano, wameshasikia ukweli wote kutoka kinywani mwako kabla. Nakusihi ufanye hivyo wiki hii. Siri ndiyo inayowapa mawazo ya usiku nafasi ya kukaa.

Usiishie kwenye maandishi yangu, nenda ukamwone mtu ana kwa ana, kama hamu ya kubeti inarudi kila siku au umeteleza tena na ukaficha; kama usingizi umekatika kwa wiki kadhaa; kama umeanza kunywa ili utulie; au kama yale mawazo ya kutokuwepo yanazidi baada ya kutuma ujumbe. Hilo la mwisho ulitarajie, kwa sababu siku chache za kusubiri jibu ni ngumu. Panga kutokuwa peke yako siku hizo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni pa kuanzia, na afisa ustawi wa jamii wa manispaa anaweza kusaidia kwenye usuluhishi wa familia pale wazee wanaposhindwa au dada anapotaka mtu asiye wa ukoo.

Akikuambia kwamba hesabu si milioni 9, kwamba kuna kodi ya chumba anayolipa tangu 2021 kwa sababu nyumba haipo, usibishane kwa simu. Mwambie utaandika kiasi anachosema, na kwamba mtakipitia mbele ya shahidi atakayemchagua yeye. Nadhani ana hoja. Na kama tarehe 5 itafika hajakujibu wala hajakupa njia ya kupokea, usiziache hela hizo kwenye laini yako. Fungua akaunti ya akiba benki isiyounganishwa na simu, ziingize zile milioni 1 na laki 1 pamoja na elfu 60 za mwezi huo, na stakabadhi za kila mwezi akae nazo mjomba.